Waliotia sumu wako kwao, kwa nini wafukuzwe wa ubalozini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Darasani tulijadili kisa cha Sergei Skripal, yule jasusi wa zamani wa Urusi aliyewekewa sumu Uingereza mwaka 2018. Nilisema mbele ya wenzangu kwamba sioni maana ya yaliyofuata. Uingereza ilifukuza Warusi 23, Urusi ikafukuza Waingereza 23, kisha nchi ambazo hazikuguswa, kama Marekani na Australia, nazo zikafukuza. Waliotia sumu wako kwao wanakula na kulala. Je, huu si mchezo wa kuigiza? Na kama Uingereza ilikuwa na hakika, kwa nini haikuvunja uhusiano kabisa? (Mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hasira iliyo ndani ya swali lako naielewa, na ningependa usiipoteze unapozidi kusoma fani hii. Ila umeipima hatua ya kufukuza kwa kipimo cha mahakama, na kwa kipimo hicho lazima ionekane haitoshi. Ofisa wa ubalozi hafukuzwi ili alipie kosa la aliyetia sumu. Anafukuzwa ili mkono uliomwezesha mtu yule kufika ukatwe, na ili aliyemtuma ajue kwamba safari nyingine itamgharimu zaidi. Tuanze na mtu mwenyewe, kwa sababu bila kumjua Skripal alikuwa nani hutaelewa kwa nini London ilikasirika kiasi kile.

Skripal alikuwa kanali wa GRU, idara ya ujasusi wa kijeshi ya Urusi. Katikati ya miaka ya 1990 Waingereza walimnunua, akawauzia majina ya wenzake. Alikamatwa Desemba 2004, na mwaka 2006 akahukumiwa kifungo cha miaka 13. Julai 2010 alisamehewa na rais wa wakati huo, Dmitry Medvedev, akaingizwa katika mabadilishano: Marekani iliwaachia majasusi 10 wa Urusi, Urusi ikawaachia watu 4, ndege mbili zikakutana kwenye uwanja wa Vienna, kila upande ukachukua wa kwake. Baada ya hapo Skripal akahamia Salisbury, mji mdogo wa kusini mwa Uingereza, akanunua nyumba ya kawaida na kuishi kwa jina lake halisi.

Hilo la jina halisi lina maana kubwa. Kuna mwiko wa zamani kati ya idara za ujasusi: mtu aliyekwisha kubadilishwa hafuatwi tena. Ukimfuata, kesho nani atakubali kubadilishana nawe? Mwiko huo ndio uliowarudisha nyumbani majasusi wengi wa Urusi yenyewe. Aliyekwenda Salisbury aliuvunja.

Jumapili ya tarehe 4 Machi 2018, Skripal na binti yake Yulia, aliyekuwa amefika kutoka Moscow siku moja kabla, walikula chakula cha mchana mjini. Alasiri wapita njia waliwakuta kwenye benchi karibu na maduka, hawajitambui. Nick Bailey, polisi mpelelezi aliyekwenda nyumbani kwao, naye alilazwa. Wataalamu walipochunguza walikuta sumu nyingi zaidi kwenye kitasa cha mlango wa mbele wa nyumba. Fikiria hapo kidogo. Kitasa ni kitu ambacho kila anayetoka lazima akishike, awe mwenye nyumba, mgeni, au mtoto wa jirani aliyekuja kuulizia mpira wake. Sumu yenyewe ni ya kundi liitwalo Novichok, lililobuniwa na wanasayansi wa Kisovieti. Hushambulia mishipa ya fahamu, na tone dogo huua. Skripal, Yulia na Bailey walinusurika wote, na hiyo ni sifa ya madaktari wa hospitali ya pale.

Sasa tazama jinsi serikali ya Theresa May ilivyocheza karata zake, maana hapa ndipo pana somo. Ilisubiri siku nane. Tarehe 12 Machi waziri mkuu alisimama bungeni akasema kuna uwezekano mkubwa kwamba Urusi inahusika, akaweka mezani maelezo mawili tu: ama dola ya Urusi imefanya yenyewe, ama imepoteza udhibiti wa sumu yake ikaangukia mikono mingine. Balozi wa Urusi, Alexander Yakovenko, aliitwa wizarani siku ileile na kupewa hadi usiku wa manane wa Jumanne awe ameleta jibu.

Maelezo ya pili ndiyo mlango ambao May aliuacha wazi kwa makusudi. Moscow ingeweza kusema, "Tumeibiwa, tusaidiane kutafuta," na mambo yangepoa. Haikupita hapo. Ilikana yote, ikadai kwanza ipewe sampuli za sumu, na saa ilipotimia hapakuwa na maelezo. Kwa hiyo tarehe 14 Machi, May aliporudi bungeni kutangaza kufukuzwa kwa watu 23, hakuna mshirika aliyeweza kumwambia amekurupuka.

Kwa nini 23? Serikali ilisema hao wote ni maofisa wa ujasusi wasiotangazwa. Neno "wasiotangazwa" lishike vizuri. Balozi kubwa huwa na watu wa idara za ujasusi ambao nchi mwenyeji inawajua kabisa. Hao hukutana na wenzao wa nchi mwenyeji na kupeana habari za ugaidi na mengineyo. Wasiotangazwa ni wale ambao kadi zao zinasema katibu wa pili wa uchumi au mwambata wa utamaduni, kumbe kazi yao ni kutafuta na kulea watoa habari. Kumlea mtoa habari mmoja huchukua miaka. Inabidi amzoee ofisa, amwamini, wajuane hadi namna ya kupishana barabarani. Ukimpa ofisa huyo wiki moja aondoke, anayekuja badala yake anaanza karibu na sifuri, tena anahitaji viza, na mwenye kutoa viza ni wewe.

Sheria yenyewe ni Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, kifungu cha 9. Nchi mwenyeji inaweza, wakati wowote na bila kulazimika kueleza sababu, kumtangaza ofisa wa ubalozi kuwa mtu asiyetakiwa. Haiwezi kumkamata wala kumshtaki, kwa sababu kifungu cha 29 kinamlinda. Ndiyo maana kufukuza kukawa chombo kikuu cha kazi hii. Kuna pia kifungu cha 11, ambacho nyie wanafunzi hukiruka: nchi mwenyeji inaweza kudai idadi ya watu wa ubalozi isizidi kiwango inachokiona kinafaa. Jumuiya ya NATO ilitumia mantiki hiyohiyo siku chache baadaye. Iliwafutia vibali Warusi 7, ikawanyima wengine 3 waliokuwa wanasubiri, na ikashusha ukubwa wa ofisi ya Urusi kutoka watu 30 hadi 20. Kuwafukuza kumi huwaondoa kumi. Kushusha kiwango hufuta viti vyao.

Waraka wenyewe wa kidiplomasia ukiushika mkononi utashangaa. Ni karatasi yenye muhuri na herufi za mkato za jina, bila saini kamili. Huanza kwa Wizara ya Mambo ya Nje kutoa salamu zake kwa Ubalozi na kuwa na heshima ya kuujulisha jambo fulani, na humalizikia kwa Wizara kuchukua fursa hiyo kuuhakikishia tena Ubalozi heshima yake ya hali ya juu. Katikati ya heshima hizo mbili ndimo linamokaa jina la mtu na siku ambayo anatakiwa awe ameondoka. Tarehe 20 Machi watu wapatao 80, maofisa 23 na familia zao, waliondoka London kwa ndege iliyotumwa kutoka Moscow. Waliagana kwa kukumbatiana nje ya ubalozi, na watoto walikuwemo.

Umeuliza nchi nyingine ziliingiaje. Rudi nyuma hadi Novemba 2006, uone Uingereza ilivyokuwa ikitenda peke yake. Alexander Litvinenko, ofisa wa zamani wa idara ya usalama ya Urusi, FSB, aliyekimbilia London, alikunywa chai yenye polonium-210, sumu ya mionzi, katika hoteli moja ya mtaa wa Mayfair tarehe 1 Novemba, akafa tarehe 23. Waendesha mashtaka waliamua kumshtaki Andrei Lugovoi, Mrusi aliyekutana naye hotelini hapo. Urusi ikakataa kumtoa, ikitaja kifungu cha 61 cha katiba yake kinachokataza kumkabidhi raia wake kwa nchi nyingine. Julai 2007 waziri wa mambo ya nje, David Miliband, alifukuza Warusi 4, nao Warusi wakafukuza Waingereza 4. Kabla mwaka haujaisha Lugovoi akachaguliwa kuwa mbunge, na ubunge una kinga yake. Ilichukua hadi Januari 2016 kwa uchunguzi wa Jaji Robert Owen kusema kwamba mauaji yale huenda yaliidhinishwa na mkuu wa FSB na Rais Vladimir Putin. Kule ndiko ningekubaliana nawe kabisa. Watu 4 kwa roho ya mtu, na mionzi iliyosambazwa katika jiji la mamilioni, ilikuwa hatua dhaifu, na naamini Moscow iliisoma hivyo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 2018 London ilikuwa imejifunza. Tarehe 15 Machi ilitoa tamko la pamoja na Marekani, Ufaransa na Ujerumani. Ikawaonyesha washirika habari za siri ambazo kwa kawaida nchi huzificha hata kwa marafiki. Tarehe 22 Machi viongozi wa Umoja wa Ulaya walikubaliana na tathmini ya Uingereza, nchi ambayo wakati huohuo ilikuwa inagombana nao kuhusu kujitoa kwenye Umoja, wakamwita nyumbani balozi wao wa Moscow kwa mashauriano. Halafu Jumatatu ya tarehe 26 Machi matangazo yakaja kwa mfululizo siku moja: Marekani 60, wakiwemo 12 wa ujumbe wa Urusi kwenye Umoja wa Mataifa mjini New York, pamoja na kufunga ubalozi mdogo wa Urusi mjini Seattle; Ukraine 13; Ujerumani, Ufaransa, Poland na Canada 4 kila moja; Australia 2. Hesabu ilipokamilika, zaidi ya nchi 20 zilikuwa zimefukuza zaidi ya watu 150.

Si wote waliokubali. Austria ilikataa, ikisema inataka kubaki daraja. New Zealand ilisema imetafuta na haikupata jasusi wa Urusi wa namna hiyo wa kumfukuza. Kuhusu waliokubali, nikupe maoni yangu mwenyewe: nchi nyingi zilikuwa na orodha zao kwenye droo tangu zamani. Kila idara ya usalama inawajua watu inaowashuku, ila kumfukuza mmoja peke yako kunakuletea kisasi peke yako. Mkifukuza siku moja, kisasi kinagawanyika. Australia ilikuwa mbali na Salisbury kijiografia, lakini kama ikikubalika kwamba dola inaweza kutumia silaha ya kemikali katika mji wa nchi nyingine na lisitokee kitu, hakuna nchi yenye wakimbizi wa kisiasa iliyo mbali.

Kisasi kilikuja kweli. Tarehe 17 Machi Urusi ilifukuza Waingereza 23, ikafunga British Council, shirika la utamaduni la Uingereza, nchini kote na kufuta kibali cha ubalozi mdogo wa Uingereza wa St Petersburg. Tarehe 29 Machi ikafukuza Wamarekani 60 na kufunga ubalozi wao mdogo katika mji huohuo. Na hapa nisikufiche uchungu wa jambo hili. Niliwahi kukaa dawati la viza katika ubalozi uliopunguziwa watu kwa ugomvi wa namna hii. Asubuhi foleni ilikuwa ileile, madirisha yaliyofunguliwa yakawa mawili badala ya matano. Nakumbuka mama mmoja aliyetaka karatasi za kusafirishia mwili wa mumewe. Alisubiri siku tisa kwa muhuri ambao zamani ulikuwa kazi ya asubuhi moja. Hakujua chochote kuhusu majasusi. Mtu anapokuambia kwamba kufukuzana ni mchezo, mkumbuke mama yule.

Basi mbona wasivunje uhusiano kabisa? Kwa sababu kuvunja hakumleti muuaji. Waingereza walishajaribu. Aprili 1984 risasi zilitoka ndani ya ubalozi wa Libya mjini London zikamuua Yvonne Fletcher, polisi wa kike kijana aliyekuwa analinda maandamano nje. Polisi walilizingira jengo kwa siku 11, serikali ikavunja uhusiano na Libya, na waliokuwa ndani wote wakaondoka chini ya kinga, aliyefyatua risasi akiwa miongoni mwao. Uhusiano ulirudi mwaka 1999. Miaka 15 bila ubalozi, na hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo kwa kipindi chote hicho. Urusi, zaidi ya hapo, ina kura ya turufu katika Baraza la Usalama na silaha za nyuklia. Ukikata waya wa simu na jirani wa aina hiyo, siku ndege zenu zitakapokaribiana angani Syria utampigia nani?

Na wapo raia wako walio kule. Februari 2017 Kim Jong-nam, kaka wa kiongozi wa Korea Kaskazini, aliuawa kwa sumu ya VX katika uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur. Malaysia ilimfukuza balozi wa Korea Kaskazini. Pyongyang ikajibu kwa kuwazuia Wamalaysia 9, familia za ubalozi zikiwemo, wasitoke nchini. Mwisho Malaysia ilikubali kuutoa mwili na kuwaachia Wakorea watatu iliyokuwa inawatafuta kwa mahojiano, ndipo watu wake wakarudi. Usimlaumu waziri aliyesaini hayo kabla hujajiuliza wewe ungefanya nini.

Hata karibu nasi jambo hili si geni. Patrick Karegeya, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa nje wa Rwanda kabla ya kukimbilia uhamishoni, alikutwa amekufa hotelini Johannesburg siku ya mwaka mpya wa 2014. Huyo alinyongwa, hakuwekewa sumu, na Rwanda ilikana kuhusika. Machi mwaka huo, baada ya nyumba ya mkimbizi mwingine, Jenerali Kayumba Nyamwasa, kuvamiwa, Afrika Kusini ilifukuza maofisa watatu wa ubalozi wa Rwanda na mmoja wa Burundi. Rwanda ilijibu kwa kuwafukuza Waafrika Kusini sita. Hakuna nchi ya tatu iliyofuata. Kwa miaka mingi baada ya hapo Wanyarwanda wa kawaida walihangaika kupata viza za Afrika Kusini. Linganisha hilo na tarehe 26 Machi 2018, utaona mahali nguvu inapotoka.

Kuna uwanja mwingine wa ugomvi huu ambao magazeti huupa nafasi ndogo, nami nadhani ndiko yalikopatikana mafanikio makubwa kuliko yote: Shirika la Kuzuia Silaha za Kemikali, lenye makao yake The Hague, Uholanzi. Uingereza iliwaita wataalamu wake wachukue sampuli wenyewe na kuzipima katika maabara za nje. Aprili 4 Urusi ilipendekeza uchunguzi uwe wa pamoja, yenyewe ikiwemo. Kura zilikuwa 6 za kuunga mkono, 15 za kupinga na 17 zilizojizuia. Zitazame hizo 17, ndizo nchi ambazo hazikutaka ugomvi na upande wowote. Aprili 12 shirika lilithibitisha aina ya sumu ambayo Waingereza walikuwa wameitaja, likasema ni safi sana, bila kumtaja aliyeitengeneza, kwani hiyo haikuwa kazi yake. Siku iliyofuata Waholanzi waliwakamata maofisa wanne wa GRU karibu na jengo la shirika hilo, wakiwa na vifaa vya kudukua mtandao wake kwenye buti la gari. Walikuwa wameingia kwa pasipoti za kidiplomasia, kwa hiyo walipandishwa ndege wakarudi kwao. Novemba 2019 nchi wanachama, Urusi ikiwemo, zilikubali kuziingiza sumu za kundi la Novichok katika orodha ya kemikali zinazodhibitiwa kwa ukali kuliko zote. Orodha hiyo haikuwahi kuongezwa kitu tangu mkataba wa kuzuia silaha za kemikali uanze kazi mwaka 1997.

Wakati wote huo chupa iliyobebea ile sumu, yenye sura ya chupa ya manukato, ilikuwa bado iko nje. Mwishoni mwa Juni 2018 mwanamume mmoja wa mji wa Amesbury, karibu na Salisbury, aliyekuwa ameokota boksi la manukato, alimpa mwenzake Dawn Sturgess, mama wa watoto watatu. Alijipulizia kwenye vifundo vya mikono, kama mwanamke yeyote anavyojaribu manukato mapya. Alikufa tarehe 8 Julai. Hakuna ofisa wa ubalozi aliyefukuzwa kwa ajili yake, maana wimbi lilikwisha kupita, na jambo hilo linaniuma kila ninapolifundisha. Alichopata ni uchunguzi wa hadhara uliobeba jina lake. Ripoti yake ilitoka Desemba 2025, ikahitimisha kwamba operesheni ile lazima iliidhinishwa na Rais Putin mwenyewe, na siku hiyohiyo Uingereza ikaiwekea vikwazo idara yote ya GRU. Urusi inaendelea kukana.

Umesema waliotia sumu wanakula na kulala kwao. Ni kweli. Septemba 2018 wawili walishtakiwa kwa majina ya pasipoti zao, Petrov na Boshirov. Wiki moja baadaye walitokea kwenye televisheni ya Urusi wakisema walikwenda Salisbury kama watalii kuona mnara wa kanisa wenye mita 123. Waandishi wa uchunguzi wakafukua majina yao halisi, Alexander Mishkin na Anatoliy Chepiga, wote wa GRU. Wa tatu, Denis Sergeev, alishtakiwa mwaka 2021. Kazi ya watu hao ilikuwa kusafiri kwa majina ya uongo, na sasa sura zao ziko kwenye kompyuta za uhamiaji za nchi nyingi. Hati za kuwakamata hazijafutwa.